Uzi wa wapuliza saksafoni: niliganda miaka mitatu, kuimba ndiko kulikonitoa

#1 TenoriWaMwananyamala

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu sana ila juzi kuna dogo kaniuliza inboksi "kaka unafanyaje mpaka solo inakuja yenyewe", nikaanza kumjibu nikaona inboksi haitoshi, acha niweke hapa, na wengine mnaopuliza mdomo wa bata, yaani saksi, mje muongeze au mnipinge.

Mimi napuliza saksi ya tenori. Nilianzia tarumbeta kanisani, nikahamia saksi, nikapiga maharusi na mahotelini karibu miaka sita. Skeli zote 12 zilikuwa vidoleni, kubwa na ndogo, unaniamsha usiku wa manane nakupigia. Halafu nikaganda. Miaka mitatu mizima kila solo yangu ni ile ile, napanda ngazi nashuka ngazi, watu wanapiga makofi kwa sababu saksi ina sauti tamu na koti limenikaa, lakini mwenyewe moyoni najua kabisa hakuna ninachosema.

Jumapili moja jioni nikaenda kwenye jemu ya wanamuziki, pale watu wanapokutana kupiga pamoja bila maandalizi. Mpiga piano akaita bluzi ya F, kwa tenori, ambayo nota zake zinaitwa hatua moja juu ya za piano, hiyo ni G, nyepesi kabisa. Nikapiga raundi nne nikashuka najiona nimemaliza kazi. Mpiga dramu, mtu mzima, akaniita pembeni akaniambia "hebu niimbie ule wimbo tulioanza nao". Nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu. Tumeupiga dakika kumi, melodi yake baa 12 tu (baa ni kipande cha mapigo manne), siijui. Akasema basi kajifunze kuuimba kwanza, akarudi kwenye dramu zake. Hakunicheka wala nini, na nadhani ndio maana iliniingia vile, nililala naiwaza.

Sasa ninachotaka kusema ni kimoja tu, mengine yote yananing'inia hapo: kitu usichoweza kukiimba kwa mdomo wako mwenyewe bado hujakipata, na saksi haitakupa. Vidole vitakupa mazoea yake basi. Msukumo wa solo watu tunausubiri utushukie jukwaani kumbe unatoka kwenye sikio, na sikio lisipolishwa halina cha kutoa.

Chukua Charlie Parker, yule bingwa wa alto wa Marekani. Kazaliwa 1920, kakulia Kansas City, hata miaka 17 hajafikisha akapanda jukwaani Reno Club kwenye jemu na watu wa bendi ya Count Basie, akapotea katikati ya wimbo, na inasimuliwa kwamba mpiga dramu Jo Jones alichomoa simbali akaitupa sakafuni miguuni pake ili ashuke. Wengi wakisimulia hii stori wanaishia kwenye simbali. Mimi naona utamu uko kwenye kilichofuata. Kiangazi cha 1937 akapata kazi na bendi iliyokuwa inapiga kwenye hoteli za mapumziko huko milima ya Ozark, akabeba santuri za Basie, akakaa nazo akamezesha kichwa solo za Lester Young, mpuliza tenori wa Basie, moja baada ya nyingine mpaka anazipiga nota kwa nota. Alirudi mtu mwingine. Mwaka 1954 akihojiwa redioni na Paul Desmond alisema kuna miaka mitatu minne alikuwa anafanya mazoezi saa 11 mpaka 15 kwa siku. Watu wanaishika hiyo idadi ya saa wanaenda kujiumiza nayo, wanasahau kuuliza saa hizo zilikuwa na nini ndani.

Na huyo Lester Young mwenyewe alikuwa na msimamo kwamba mpulizaji ajue maneno ya wimbo anaoupiga. Maneno! Mtu ambaye kazi yake ni kupuliza, anataka ajue mashairi, maana bila mashairi utajuaje sentensi inaishia wapi na upumue wapi?

Basi nikachukua solo moja tu ya Lester, ile ya Oh, Lady Be Good aliyorekodi Chicago 1936, ni baa 64, dakika moja na kidogo. Miezi miwili sikugusa saksi kwa ajili ya hiyo solo. Naisikiliza kwenye daladala naimba kimoyomoyo, nikifika nyumbani naimba kwa sauti pamoja naye, baa 4 leo, baa 4 kesho, mpaka nikaweza kuiimba yote rekodi ikiwa imezimwa, na nikiiwasha tena katikati namkuta palepale nilipo. Hapo ndio nikachukua saksi. Wakuu, vidole vilienda vyenyewe sehemu kubwa, zilibaki nota sita saba tu za kutafuta. Na nikagundua nimepata vitu ambavyo karatasi isingenipa, jinsi anavyochelewa kidogo nyuma ya dramu, nota ipi anaiminya ipi anaiacha iende, na pumzi zake, pumzi zake nilizijua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani akija kibarazani.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza. Karibuni.

#2 Chipukizi_Alto

Kaka asante sana kumbe umeamua kufungua uzi kabisa. Mimi ndio yule wa inboksi. Nimekaa hapa siondoki.

#3 BinKodi

Mkuu heshima kwako ila hapa unapotosha vijana. Kariri solo za watu mpaka uzeeke, kama hujui kodi (chord, nota kadhaa zikilia pamoja) inafanya nini huko chini utakuwa kasuku tu. Mimi nimefundishwa mbili-tano-moja, ule mfululizo wa kodi tatu, kwenye funguo zote 12, nadharia kwanza, sikio linafuata lenyewe. Hiyo Giant Steps ya mpuliza tenori John Coltrane ya 1959 utaiimba kwenye daladala? Ile ni hesabu.

#4 TenoriWaMwananyamala

BinKodi mkuu karibu, umeleta hoja nzuri na sikatai kodi hata kidogo. Ila huo mfano wako unanisaidia mimi. Kwenye rekodi ile ile ya Giant Steps piano anapiga Tommy Flanagan, bingwa, kodi anazijua kuliko sisi wote humu, na zamu yake ya solo ikifika unamsikia kabisa anatafuta njia, anakatika, mwisho anabaki na kodi tupu. Coltrane alikuwa ameishi na ule mzunguko mpaka umekuwa kama njia ya kwenda kwao, mwenzie ndio anakutana nao studio kwa mwendo ule. Flanagan huyo huyo miaka ya themanini akaurudia kwenye albamu yake mwenyewe akaupiga vizuri tu. Nadharia yake haikubadilika hapo katikati, kilichobadilika ni kwamba ulishamkaa sikioni.

Na hiyo mbili-tano-moja yako inaimbika, tena ndio njia bora ya kuifundisha. Tuseme tuko C ya piano. Kodi ya kwanza D ndogo yenye saba, nota zake D F A C. Ya pili G saba, G B D F. Ya tatu C kubwa yenye saba, C E G B. Sasa acha zote, bakiza nota ya tatu na ya saba za kila kodi, ukihesabu ngazi za skeli kuanzia nota yake ya kwanza. Kwenye D ni F na C. Kwenye G ile F inabaki ilipo na C inashuka nusu hatua inakuwa B. Kwenye C ile B inabaki na F inashuka nusu hatua inakuwa E. Yaani kila kodi ikibadilika kuna sauti moja imekaa na nyingine imeteleza kidogo tu kwenda chini. Kaa na mtu wa kinanda akupigie kodi polepole, wewe imba C, B, B, halafu F, F, E. Rudia mpaka nywele zikusimame, maana zitasimama. Baada ya hapo ukipiga solo sikio linakuvuta kwenye ile nota inayoteleza bila wewe kuhesabu chochote.

Mimi kodi nilizijua kwenye karatasi miaka mingi. Nilipoziimba ndio nikaanza kuzisikia. Hiyo tu ndio tofauti yangu na wewe mkuu, mpangilio wa nini kinaanza.

#5 MzeeWaAlto

Vijana hamjambo. Mimi ni mtu mzima, mjukuu ndiye ananiandikia hapa. Nilipuliza alto, saksi ndogo kuliko tenori, kwenye bendi ya dansi kule Tabora toka miaka ya sabini mwanzoni. Siku hizo bendi zinaitwa Jazz karibu zote, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz, tukiwa hatupigi jazi ya Wamarekani, jina lilishakuwa na maana ya bendi ya dansi basi.

Nataka kumuunga mkono huyu kijana. Sisi hatukuwa na karatasi. Kiongozi wa bendi anakuja na wimbo kichwani, anatusimamisha wapulizaji watatu mstari mmoja, anatuimbia, wewe sema pa-ra-paa-pa, wewe chini yake pa-ra-poo-po, na wewe wa mwisho ngoja waanze ndio uwaitikie. Tunaimba hivyo hivyo vyombo vikiwa chini kwenye mikeka, hata saa nzima. Akiridhika ndio anasema okotani. Ukiokota na kukosea anakuambia weka chini, imba. Niliona ni unyanyasaji wakati ule. Mpaka leo zile pambio zote ninazo, na alto nimeshaiuza zaidi ya miaka ishirini.

Jambo jingine vijana wajiandae nalo, magitaa yanapenda E na A. Kwa alto hiyo A ya gitaa ni F kreshi, yaani F sharp, na E ni C kreshi, vidole vyote vina kazi. Hakuna mpiga gitaa la solo atakayekuhamishia wimbo kwa sababu yako. Jifunzeni huko mapema.

#6 TenoriWaMwananyamala

Shikamoo mzee wangu. Umenipa raha kuliko unavyodhani, na mwambie mjukuu ahsante. "Weka chini, imba" naiandika ukutani leo. Na hilo la funguo ni kweli tupu, kwa sisi wa tenori A ya gitaa ni B na E ni F kreshi, vijana wengi wanajifunza bluzi ya F na B flati kwa sababu ndizo zimejaa YouTube halafu wanakuja kwenye bendi ya magitaa wanakwama wimbo wa kwanza.

Nimeona inboksi watu wanauliza swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, kwamba wanapiga nota sahihi ila haichezi, inatembea kama gwaride. Mimi swingi nilijifunza kwa Kiswahili, niwaambie ilivyokuwa.

Sema "haraka haraka haina baraka". Hesabu silabi, ni 12, zimekaa tatu tatu, makundi manne. Sasa sikiliza mkazo uko wapi: ha-RA-ka, ha-RA-ka, ha-I-na, ba-RA-ka. Mkazo uko katikati ya kila kundi kama kawaida ya lugha yetu. Piga mguu chini kwenye huo mkazo. Ukifanya hivyo "ha" ya kwanza inakuwa nje kabla ya mguu, inakimbilia ndani, halafu unapata RA-ka-ha, RA-ka-ha, I-na-ba, RA. Mguu mmoja, sauti tatu. Imba hivyo dakika mbili tatu mpaka mwili ushike.

Halafu meza silabi ya pili ya kila mguu, usiitamke, vuta ile ya kwanza mpaka uifikie ya tatu. Ha-RAA-ha-RAA-ha-II-ba-RAA. Hiyo ndio swingi wakuu, ndefu fupi ndefu fupi, na ile fupi haijasimama peke yake, imeshikana na ndefu inayofuata. Ukija kwenye saksi gusa ridi, kile kipande cha mwanzi mdomoni mwa saksi, kwa ulimi kwenye ile fupi na uiteleze bila ulimi kwenda kwenye ndefu. Wengi wanafanya kinyume, ulimi unapiga kwenye mguu, ndio inatoka gwaride. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwekeni ilie kwenye mbili na nne tu, moja na tatu uzibebe mwenyewe.

Nilikuwa nafanya hii natembea kutoka kituoni hadi nyumbani, hatua moja mguu mmoja. Wiki ya tatu hivi nikapiga bluzi nikasikia mwenyewe kwamba kuna kitu kimefunguka.

#7 Saksi_Kayole

Niaje wakubwa, nawasoma kutoka Nairobi. Mimi shida yangu iko chini zaidi. Nilinunua alto ya mkono wa pili, nota za juu ziko poa lakini kuanzia D ya chini kushuka inakataa, inaguna ama inaruka okteva. Mwalimu mmoja aliniambia sina pumzi, nikapiga mazoezi ya mapafu mwaka mzima, jo, mwaka mzima. Hii ya kuimba itanisaidia kweli kama C ya chini haitoki?

#8 TenoriWaMwananyamala

Kaka wa Kayole pole sana, na hii imeniuma kwa sababu nami iliwahi kunikuta. Kabla hujajilaumu pumzi angalia pedi, ile mito midogo ndani ya vifuniko vinavyoziba matundu. Ingia chumba chenye giza, washa taa ndogo uiteremshe ndani ya bomba, funga vifuniko taratibu bila kuminya, tazama mwanga unachungulia wapi. Mwanga ukitoka upepo pia unatoka. Njia nyingine chukua kipande chembamba cha karatasi ya kusokotea sigara, kiweke kati ya pedi na tundu, funga kwa nguvu ya kawaida, kivute. Kinatakiwa kishikwe. Kikiteleza upande mmoja hapo pana uvujaji. Anza na ile pedi ya G kreshi na zile za shingoni huko juu, pengo dogo huko juu linaua nota zote za chini. Mimi yangu ilikuwa pedi moja tu imekakamaa, fundi aliibadilisha nikiwa nasubiri, nikapuliza B flati ya chini kabisa nikakaa kimya nikaitazama saksi.

Ridi nazo, usianze na ngumu kwa sifa. Mbili au mbili na nusu inatosha. Uwe nazo tatu nne unazizungusha, leo hii kesho ile, ukimaliza futa, laza kwenye kikasha chake, usiiache mdomoni mwa saksi. Huku pwani joto na unyevu zinaota ukungu haraka. Ule ni mwanzi wa kweli, mwingi unalimwa kusini mwa Ufaransa, una tabia za mmea mpaka siku unakatika.

Chombo kikiwa kizima sasa, sauti ndefu. Najua mnazichukia. Nota moja, polepole kabisa mpaka iwe kama pumzi ya mtoto amelala, ivimbe, irudi, bila kutikisika. Na kuna zoezi ndugu yake ambalo ndilo linaunganisha na habari ya kuimba: shika vidole vya B flati ya chini kabisa, halafu bila kubadilisha kidole toa B flati ya juu yake, kisha F, kisha B flati nyingine, kisha D. Vidole haviguswi. Kinachobadilika ni koo na ulimi, na koo halijui liende wapi mpaka sikio liwe limeshaisikia ile nota kabla haijatoka. Ukilazimisha kwa meno inakataa. Ukiiimba kichwani inakuja. Mimi ilinichukua karibu miezi minne kuipata hiyo F vizuri, kwa hiyo usikate tamaa siku ya pili.

#9 Saxo_Lushi

Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi. Huku kwetu mutu akisema saxo, wa kwanza anakuya mu kichwa ni Verckys, mwenye alipuliza mu OK Jazz ya Franco mu miaka ya 60 mbele ya kufungua orchestre yake Vévé. Sikiliza vile anaingia nyuma ya sauti ya muimbaji, hapigi mingi, anamujibu tu. Na Manu Dibango alipitia kwetu pia, Kabasele, chef wa African Jazz, alimukuta Bruxelles akamuleta Léopoldville (leo Kinshasa) mu 1961, mbele ya dunia kumujua na Soul Makossa mu 1972. Bale bazee balijifunza kwa kusikiliza santuri, kweli kabisa. Minakubali mambo ya huyu ndugu.

#10 DadaWaOldTown

Habari zenu. Niko Mombasa, napuliza alto mwaka wa nne. Nina maswali mawili na naomba msinicheke. La kwanza, nyumba zetu zimebanana, nikipuliza dakika kumi jirani amebisha hodi, na simlaumu ana mgonjwa ndani. Wapi mtu afanye mazoezi? La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Nikiwakopi hao akina Parker nahisi naongea kwa lafudhi ya kuazima. Nikipiga vyangu nahisi si jazi. Sijui nisimame wapi.

#11 TenoriWaMwananyamala

Dada yangu karibu sana, hakuna wa kukucheka hapa. Maswali yako yote mawili nitayajibu na mtu mmoja, Sonny Rollins, mpuliza tenori wa Marekani.

Mwaka 1959 Rollins alikuwa ana miaka 28 na jina kubwa New York nzima, akaacha kupanda jukwaani kabisa. Alisema watu wanamsifu kuliko anavyostahili na yeye mwenyewe haridhiki na anachokipiga. Alikuwa anakaa Lower East Side kwenye fleti, na jirani yake alikuwa mjamzito, hakutaka kumsumbua. Akabeba tenori akaenda kwenye daraja la Williamsburg, juu kule wanapopita waenda kwa miguu, treni zinapita pembeni, meli chini, akawa anapuliza huko mchana na usiku, masika na baridi, mpaka 1961. Aliporudi, 1962 akatoa albamu akaiita The Bridge. Kwa hiyo jirani mwenye mgonjwa si mwisho wa safari. Mimi nilianzia kabatini, kweli, nafungua mlango wa kabati la nguo naelekeza mdomo wa saksi kwenye makoti, sauti inapungua sana. Baadaye nikaomba darasa la shule ya msingi jirani baada ya saa kumi na moja jioni, mlinzi tumekuwa marafiki. Wewe una bahari hapo, nenda ufukweni asubuhi maji yakitoka. Upepo wa wazi haukurudishii sauti, utalazimika kupuliza kwa mwili wote, utaona sauti yako itakavyonenepa. Ila ukirudi nyumbani ifute saksi chumvi, usisahau hilo hata siku moja. Na saa ambazo huwezi kupuliza kabisa ndio saa za kuimba, jirani atadhani unafurahi tu.

Sasa la lafudhi. Rollins huyo huyo kabla ya daraja, mwaka 1956, alirekodi St. Thomas, ambayo leo kila mwanafunzi wa jazi duniani anaipiga. Ile melodi imetoka visiwa vya Virgin, kwao na wazazi wake, mama yake alikuwa anamwimbia akiwa mtoto. Hakuiacha mlangoni alipoingia kwenye jazi. Aliingia nayo, na ndani ya solo anachukua vijisauti viwili tu anavigeuza geuza dakika nzima mpaka unashangaa vimetoka wapi vyote hivyo. Ukikopi Parker unajifunza jinsi ya kusema. Cha kusema ulishapewa kwenu, kwenye maulidi, kwenye vyakacha, kwenye nyimbo za kubembelezea watoto. Afrika Kusini walishalielewa hili mapema, msikilize Winston Mankunku Ngozi na Yakhal' Inkomo ya 1968, jina lenyewe ni mlio wa fahali, Coltrane unamsikia mle lakini hakuna namna mtu wa Philadelphia angeupiga vile.

Na nikuongezee kitu nilichokipata kwa Coltrane mwenyewe, nadhani kitakufaa kuliko yote kwa sababu wewe ni mtu wa Mombasa na mashairi mmezaliwa nayo. Albamu yake A Love Supreme ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 New Jersey. Sehemu ya nne inaitwa Psalm. Coltrane aliandika shairi la kumshukuru Mungu, limechapwa kwenye kava la santuri, na mle ndani ya Psalm analisoma lile shairi kwa tenori, neno kwa neno, silabi kwa silabi. Weka kava mbele fuatisha kwa kidole utaona. Hakuna mdundo wa kuhesabu, anasali tu. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima nikajiuliza mimi nitasoma nini?

Nikachukua utenzi. Mstari mmoja mizani nane, mistari minne ubeti. Bibi yangu alikuwa anaghani, namkumbuka anavyopandisha sauti kwenye mstari wa tatu na kuishusha taratibu kwenye kina cha mwisho, yaani unajua ubeti umekwisha hata kama husikii maneno. Nikaanza kupuliza beti vile vile alivyoghani, silabi moja nota moja, mkazo ule ule silabi ya pili kutoka mwisho, nota tano tu zinatosha. Ubeti wa pili nabadilisha nota nabakiza mapigo. Ubeti wa tatu nabakiza nota naacha mapigo. Nikaja nikauweka juu ya bluzi, na wakuu, zile solo zangu za kupanda ngazi na kushuka ngazi zilikufa siku hiyo. Kwa mara ya kwanza sentensi yangu ina mwanzo, ina mahali pa kupumua, ina kina. Yule mpiga dramu mtu mzima alikuwepo mara ya kwanza nilipopiga hivyo mbele za watu. Hakusema kitu, ila kwenye mstari wa tatu alipunguza simbali akaniachia nafasi, na alijuaje kwamba ni wa tatu sielewi mpaka leo.

#12 BinKodi

Nimesoma yote mkuu. Ile ya C, B, B na F, F, E nimeijaribu jana usiku na mwanafunzi wangu kwenye kinanda. Nafundisha mwaka wa nane huu na sikuwahi kumwambia mwanafunzi aiimbe. Nasimama na nadharia yangu ila kuanzia sasa wataimba. Huo utenzi nitauomba vizuri, unaanza nota gani?

#13 TenoriWaMwananyamala

Mkuu tuko pamoja. Mimi naanzia nota ya tano ya ufunguo, inanipa nafasi ya kupanda mstari wa tatu na kurudi nyumbani wa nne. Ila mwanafunzi wako mwache aghani kwanza kwa mdomo, popote sauti yake itakapotua yenyewe ndio aanzie hapo.

#14 MzeeWaAlto

Huyo binti wa Mombasa aende Unguja pia, pale Mji Mkongwe pana chuo cha muziki cha Dhow Countries toka 2002, akae karibu na wapiga taarab. Fidla na ganuni zitamfundisha kuvuta nota. Na huyu kijana wa utenzi, nimemwambia mjukuu anitafutie alto ya kuazima.

#15 TenoriWaMwananyamala

Mzee ukiipata tu niambie, nitakuja na ridi mpya mwenyewe.

#16 Chipukizi_Alto

Kaka nimerudi, wiki mbili na nusu sasa. Lady Be Good nimefika baa 16 za kuimba, saksi sijaigusa kama ulivyosema, ilikuwa ngumu kuiona tu imelala pale. Nimejirekodi kwa simu naimba juu ya Lester nimekutumia inboksi. Naomba usinionee huruma.

#17 TenoriWaMwananyamala

Dogo nimesikiliza mara nne. Baa 8 za mwanzo unazo, tena ile nota anayoiachia mwishoni mwa sentensi ya kwanza umeiachia vizuri kabisa. Kuanzia baa ya 9 unamkimbia. Sio nota, nota zako ziko sawa, ni kwamba yeye anapumua pale na wewe hupumui, unapitiliza. Irudie kesho kwenye daladala usiimbe kitu chochote, vuta pumzi tu kila anapovuta, baa zote 16, halafu nitumie nyingine Jumamosi.